Zebaki kwenye papa, majitaka kwenye chaza: maswali na majibu kuhusu samaki wa Mombasa

Nasikia samaki wa bahari wana zebaki. Ni kweli?

Ni kweli, lakini hawalingani hata kidogo. Zebaki, metali yenye sumu, hufika baharini kutokana na moshi wa makaa ya mawe, machimbo madogo ya dhahabu na hata volkeno. Ikishatua, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayoingia mwilini kwa urahisi na kukawia kutoka. Viumbe vidogo vya majini huinyonya, dagaa huvila, kolekole hula dagaa, papa hula kolekole. Kila mlaji hubeba mzigo wa aliowala, na papa huishi miaka mingi akiuongeza.

Kwa hiyo usipime samaki kwa usafi wa maji aliyovuliwa. Papa wa bahari kuu, kwenye maji safi kabisa, aweza kuwa na zebaki nyingi kuliko tasi wa hori la Tudor, hapa mjini Mombasa, linaloingia majitaka, kwa sababu tasi hula mwani. Uliza mambo mawili: anakula nini, na ameishi muda gani.

Basi nile kiasi gani?

Tangu 2003 kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) imeweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Kikomo hicho kiliwekwa kumlinda mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki.

Sasa tia hesabu. Katika vipimo vya samaki wa masoko ya Marekani, papa na nduaro hutoa wastani wa karibu mikrogramu 1 kwa kila gramu ya nyama. Jodari wa mapezi ya manjano hutoa 0.35, na sadini, kamba na tilapia hukaribia 0.01. Hivyo mama huyo hujaza kikomo chake cha wiki kwa gramu 96 za papa, yaani kipande kimoja cha kawaida. Kwa jodari angefika gramu 270 hivi. Kwa samaki wadogo kama sadini angehitaji kilo saba na zaidi, na hakuna mtu anayezila. Samaki wa Mombasa hawatatoa tarakimu zilezile, ila mpangilio ni huohuo, maana chanzo ni lishe na umri wa samaki.

Mtoto wa kilo 15 nafasi yake ni mikrogramu 24: kipande cha papa kisichozidi kiberiti. Wanaume, na wanawake waliopita umri wa kuzaa, wanaweza kufika karibu maradufu ya kikomo bila neva kudhurika.

Nina mimba, na mama mkwe ananipikia mchuzi wa papa mkavu kila wiki. Nitamkatalia vipi?

Usimkatalie mchuzi, mwombe abadilishe samaki. Simu, una, tasi au changu mdogo wa nazi ni chakula kizuri kwa mimba, kwani samaki ana protini, iodini na mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo wa mtoto. Milo miwili au mitatu kwa wiki, kila mmoja wa gramu 100 na kidogo, inafaa sana. Mjamzito anayeacha samaki wote kwa kuogopa zebaki anajinyima pasipo sababu.

Papa mkavu ana shida ya ziada. Akikaushwa hupoteza maji, lakini zebaki hubaki. Samaki aliyepungua uzito kwa nusu ana zebaki maradufu kwa kila gramu, na gramu 96 za papa mbichi zinakuwa 48 za mkavu. Kumroweka usiku kucha hutoa chumvi tu. Maji anayoyanyonya huongeza uzito, hayapunguzi zebaki.

Na kama ulishakula, usihangaike. Nusu ya zebaki ya methili hutoka mwilini kwa takriban siku 50. Ndiyo maana anayepanga mimba hushauriwa kupunguza papa, nduaro na mzia miezi kadhaa kabla. Kuacha siku ya kupima mimba ni kuchelewa kidogo, ingawa bado kuna faida.

Ndimu, siki, au kukaanga mpaka akauke haviondoi sumu?

Zebaki haviondoi. Imeshikana na protini ya nyama yenyewe, hivyo ndimu haiifikii na karai la mama karanga, mkaangaji samaki, haliichomi.

Kemikali nyingine zina tabia tofauti. PCB, zilizotumika kwenye mafuta ya transfoma za zamani, na DDT, dawa ya kuua wadudu, hukaa kwenye mafuta ya samaki. Hapo mpishi ana la kufanya: toa ngozi, kata mafuta ya tumboni, choma juu ya wavu mafuta yadondoke, na usitumie mafuta hayo kwa mchuzi. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, nayo hujikusanya kwenye ini na matumbo. Kwa kaa, ni ile nyama laini ya kahawia ndani ya gamba la mgongo, ambayo wengine huipenda kuliko miguu. Kwa pweza na ngisi ni matumbo ndani ya kichwa. Yatoe yote kabla ya kupika, usiyatie kwenye supu. Chembe ndogo za plastiki pia hukaa zaidi tumboni, kwa hiyo dagaa wakubwa wanaotumbulika ni vyema uwatumbue.

Chaza na kaa wa Makupa na Tudor je?

Hapa tahadhari ni ya kweli, na haihusu zebaki sana. Dampo la Kibarani lilikaa miaka mingi ukingoni mwa hori la Makupa, na majitaka ya mji yamekuwa yakiingia kwenye mahori. Chaza hula kwa kuchuja maji, makumi ya lita kwa siku, na bakteria na virusi vilivyomo vinaweza kubaki ndani yake. Kipindupindu na homa ya ini aina ya A hupita njia hiyo. Usile chaza mbichi wa mahali hapo, hata kwa ndimu na pilipili. Wachemshe mpaka wafunguke, kisha dakika 3 hadi 5 zaidi, asiyefunguka mtupe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakugusi metali, hivyo kwa mlo wa kila wiki tafuta chaza wa mbali na mji.

Kuhusu risasi, ile metali ya betri, kisa kikubwa cha Mombasa hakikutoka baharini. Kilitoka nchi kavu, Owino Uhuru, kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Nilikula jodari, baada ya nusu saa uso ukawa mwekundu, moyo ukadunda na mwili kuwasha. Ni zebaki?

Hapana. Zebaki haifanyi kazi kwa nusu saa. Hiyo ni histamini, na kosa liko kwenye barafu. Jodari, nguru na una wakikaa juani, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, na ikishatengenezwa moto hauiondoi. Wengi hudhani wana mzio wa samaki na kumwacha maisha, kumbe alikuwa mmoja tu aliyelala vibaya. Dawa ya mzio husaidia, lakini pumzi ikibana nenda hospitali mara moja.

Kinga huanzia chomboni: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka kwa tabaka, tangu anapovuliwa. Sokoni mguse: nyama irudi ukiibonyeza, macho yasiwe yamezama. Jodari anayewasha ulimi kama pilipili mteme.

Mikataba ya biashara inahusu nini sahani yangu?

Zaidi ya inavyodhaniwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kuwa baadhi ya wavuvi walivulia dawa za kuua wadudu. Viwanda vya minofu vilipata hasara, na ndipo ukaguzi wa viwandani ulipotiliwa maanani. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza Julai 2024 unaondoa ushuru, lakini hauondoi kikomo cha zebaki: papa akizidi miligramu 1 kwa kilo hauziki huko.

Ndani ya Afrika Mashariki, soko la pamoja la 2010 limerahisisha samaki mkavu kupita mpaka wa Kenya na Tanzania, Horohoro na Lunga Lunga, na mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha asili. Kwa kipato cha mama mchuuzi ni jambo jema. Ila cheti cha asili husema samaki ametoka wapi, hakisemi ana nini ndani. Minofu ya kusafirishwa ndiyo inayopelekwa maabara kwa sharti la mnunuzi, na papa mkavu wa sokoni hapimwi mara kwa mara, wakati yeye ndiye anayestahili kupimwa kwanza.