Zima rauta, washa tena: tunachoamini kuhusu kastoma kea wa intaneti na ukweli wenyewe

Siku nne nzima nimekaa Dar bila intaneti ya nyumbani, taa ya LOS (ile inayoonyesha mtandao umekatika) inapepesa nyekundu kwenye rauta, na kila nikipiga simu naambiwa "mpendwa mteja, zima, subiri dakika moja, washa". Nimezima mpaka kitufe kimelegea. Jina la kampuni silitaji. Ila alipokuja fundi nikagundua hasira zangu nusu zilikuwa za haki na nusu nilikuwa naamini vitu ambavyo sivyo.

Mfano hiki cha zima washa, wengi tunaona ni mbinu ya kutufukuza kwenye simu. Hapana jamani, rauta ni kompyuta ndogo, ikikaa imewaka wiki kibao inaganda tu kama simu yako inavyoganda, ukiizima inaanza upya na kujiunga upya na mtandao, kwa hiyo matatizo mengi kweli yanaishia hapo. LAKINI taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye rauta. Hapo uzime hata mara mia, haisaidii kitu. Aidha waya umekatika, au umekunjwa sana, au kile kichwa cha kijani kimelegea, au shida iko huko nje kwenye nguzo. Kwangu mimi panya alikuwa ametafuna waya juu ya dari, sasa panya unamzima na kumwasha vipi?

Halafu yule dada anayepokea simu. Tunaamini anajua kila kitu ila anatuficha. Mara nyingi hajui, ana maswali yake kwenye skrini anayafuata kwa mpangilio, na sehemu nyingi wala sio mwajiriwa wa kampuni ya intaneti, ni wa kampuni nyingine iliyopewa kazi ya kupokea simu. Mitambo hagusi. Ukianza na "intaneti yenu mbovu" anaanza swali la kwanza, ukimtukana anaanza swali la kwanza kwa sauti ya upole zaidi (hiyo ndo inaudhi kuliko zote). Mwambie hivi, LOS nyekundu, nimeshazima na kuwasha, waya umechomekwa vizuri, naomba unifungulie tiketi ya fundi, yaani tatizo langu liandikwe kwenye mfumo wenu na nipewe namba yake.

Hapo kwenye tiketi ndo nilipopigwa. Mimi nilidhani nikishaambiwa "tumelipokea, tunalishughulikia" basi kuna mtu ameshapanda bodaboda anakuja. Simu ya nne kaka mmoja akaniambia, naona ulipiga Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ila hakuna tiketi iliyofunguliwa. Yaani siku tatu nasubiri fundi ambaye hakuna aliyemtuma! Kama hujapewa namba ya tiketi hesabu hujaripoti kitu, usikate simu mpaka uipate, na piga skrinishoti ya kila meseji.

Spidi nayo, "nimelipia spidi ya 20 nikidaunilodi naona mbili na nusu, wezi hawa". Hapo hawajakuibia. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti, faili linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Kabla hujapiga simu chomeka laptopu kwa waya kwenye rauta upime, kwa waya ikiwa safi basi shida ni waifai yako na kuta za nyumba yako, ile waifai ya 5GHz ina kasi ila ukuta unaimaliza. Ikiwa safi asubuhi na inakufa kila jioni hata kwa waya, hapo kuna uwezekano mkubwa mtaa mzima mnagombania njia moja, na hapo una haki ya kubwata.

Na kuna siku kampuni yako haina kosa kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilikatika, Tanzania, Kenya na nchi nyingine zikayumba kwa pamoja, na bado kuna watu walikuwa wanazima na kuwasha rauta huku Sinza, Dar.

Wengine wanasema peleka malalamiko TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, moja kwa moja. Utarudishwa, lazima uanze kwa mtoa huduma wako, asipokuridhisha ndo unapanda juu, na Kenya kwa CA, wasimamizi wao, ni hivyo hivyo. Na huko juu wataulizia uliripoti lini, ushahidi uko wapi. Tiketi tena.

Mwisho, siku ulizokosa huduma usitegemee zitarudi zenyewe. Mimi niliandika imeili, nikaweka tarehe za simu zote na namba ya tiketi, wakaniongezea siku nne kwenye kifurushi bila maneno mengi. Fundi mwenyewe alipofika hakumaliza hata nusu saa. Panya bado hatujampata.