Kitenzi "tafakari": maana na chimbuko lake

Watu wengi hutumia "fikiri" na "tafakari" kana kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Undugu upo kweli, kwa sababu vitenzi vyote viwili vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti f, k na r, ambao umetupatia pia "fikra" na "tafakuri". Kinachovitenganisha ni silabi ya kwanza. Katika sarufi ya Kiarabu, kiambishi "ta-" kikiandamana na konsonanti ya kati iliyokazwa huunda kitenzi ambacho, mara nyingi, athari yake humrudia mtendaji mwenyewe. Kwa hiyo "tafakkara" ni kuishughulisha nafsi na jambo, kuligeuzageuza na kukaa nalo, wala si kupitisha wazo kichwani tu. Umbo hilohilo ndilo lililozaa "tabasamu", "taharuki" na "tahadhari".

Uzito huo umehifadhiwa zaidi katika lugha ya dini. Kurani, katika sura ya Aal Imran, aya ya 191, hukitumia kitenzi hicho cha Kiarabu kwa wale wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa au wamelala, na wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Nayo Zaburi ya 1, katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani, inasema juu ya mwenye haki: "Na sheria yake huitafakari mchana na usiku." Tazama kiambishi "-i-" katika "huitafakari": kitenzi kinabeba yambwa yake, yaani kile kinachotafakariwa, moja kwa moja, hakihitaji "kuhusu" ambayo siku hizi hupachikwa, kwa maoni yangu, bila sababu.

Kwa kuwa "tafakari" haiishii kwa irabu "-a", umbo lake halibadiliki katika ukanushi wala katika dhamira tegemezi, yaani umbo la kutaka au kuagiza jambo lifanyike: "waza" hutoa "siwazi" na "niwaze", ilhali "tafakari" hutoa "sitafakari" na "nitafakari". Hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa, hata katika barua za ofisini. Anayeandika "wajumbe watafakari pendekezo hili" anawataka wajumbe wafanye hivyo. Akikusudia wakati ujao, hana budi kuandika "watatafakari", kwani "-ta-" ya kwanza ni ya wakati na ya pili ni sehemu ya kitenzi chenyewe.