Ukaidi wa kiraia na usimbaji fiche: dhana potofu na ukweli

Wanaokuja kwangu kutaka ushauri wa kisheria kuhusu usimbaji fiche (kugeuza ujumbe usomeke tu na mwenye ufunguo) huanza na Phil Zimmermann, Mmarekani aliyetunga PGP, programu ya kusimba barua pepe, na hadithi ni ileile: alivunja sheria, serikali ikanywea, basi nasi tuvunje. Nimechoka nayo.

Dhana: Zimmermann alikaidi sheria, akaishinda serikali mahakamani.
Hakukuwa na kesi. PGP ilitoka 1991 ikasambaa hadi nje ya Marekani, wakati usimbaji imara ulihesabiwa huko kuwa zana ya kivita, kuuza nje ni kwa leseni. Alichunguzwa kuanzia 1993, na Januari 1996 uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Jaribu kuishi miaka hiyo yote hujui kama utashtakiwa, ndipo uniambie ni ushindi. Kinachonifurahisha mimi ni kitabu. Mwaka 1995 MIT Press ilichapisha msimbo wa PGP, yaani maagizo yanayoiunda programu, kwenye karatasi, kwa sababu vikwazo vilivyoigusa diski havikugusa maandishi yaliyochapwa. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa! Daniel Bernstein, mwanafunzi wa hisabati huko Marekani, naye aliuliza kama anahitaji leseni kuchapisha msimbo wake wa usimbaji, akaambiwa anaihitaji, akaishtaki serikali mwaka 1995. Mwaka uliofuata Jaji Marilyn Patel akaamua kwamba msimbo unalindwa kama usemi. Masharti ya kuuza nje yalipolegezwa mwaka 2000, kampuni zilizokuwa zikipoteza wateja nje ya nchi nazo zilikuwa zimeshapiga kelele za kutosha.

Dhana: Kutumia kimyakimya programu iliyopigwa marufuku ni ukaidi wa kiraia.
Huko ni kukwepa. Huenda una sababu nzuri sana, lakini ukaidi wa kiraia hufanywa hadharani, kwa jina lako, adhabu ukiisubiri. Waliovaa fulana zenye msimbo wa RSA, njia mojawapo ya usimbaji, kwa lugha ya programu ya Perl, huku zimeandikwa kuwa ni silaha, walikaribia zaidi. Ukitaka njia hiyo, tafuta wakili kabla ya kutafuta kamera.

Dhana: Nikikataa kutoa ufunguo wa kufungua data yangu, serikali haina la kunifanya.
Uingereza, kukataa amri ya kutoa ufunguo ni kosa lenyewe: hadi miaka 2 jela, 5 katika masuala ya usalama wa taifa.

Dhana: Mlango wa nyuma (njia ya siri ya kupita usimbaji) utatumiwa na serikali peke yake.
Chipu ya Clipper, ya usimbaji ambao serikali ya Marekani ingeweza kuufungua, ilitangazwa 1993, na 1994 mtafiti Matt Blaze akaonyesha jinsi ya kukwepa utaratibu wake wa kuihifadhia serikali funguo. Nazo funguo dhaifu ambazo Marekani ilizilazimisha kwa programu za kuuzwa nje zilikutwa bado zinakubaliwa na seva mwaka 2015, na wavamizi wangeweza kuzitumia.