Hukuambukizwa kwa Kutazamana

Juzi asubuhi kaingia kijana na miwani nyeusi, kichwa kakiinamisha. "Daktari, usiniangalie machoni, nitakuambukiza." Nikamshukuru kwa huruma. Akavua miwani, akafuta tongotongo kwa kidole, halafu akanipa mkono. Mkono uleule.

Tangu mlipuko wa Januari 2024, Dar ilipojaa "red eyes", yaani ugonjwa wa macho mekundu, maneno haya nimeyasikia mpaka basi. Jamani, kirusi hakina mbawa. Kimo kwenye machozi na tongotongo. Kinahamia kidoleni, kutoka kidoleni hadi kitasa, simu, foronya, bomba la daladala, kisha wewe unashika, unajikuna jicho. Adenovirusi, mmoja wa virusi vinavyoleta ugonjwa huu, inaweza kukaa hai kwenye kitu kikavu kwa wiki kadhaa. Miwani nyeusi inampunguzia mgonjwa makali ya mwanga, basi.

Najua kwa nini imani hii haifi. Mtu anaamka kope zimegandana, dada yake anamwambia "hebu nikuone", anamvuta kope. Dada akiugua, anakumbuka alivyotazama, hakumbuki alivyoshika. Tena aina nyingine ya kirusi huonyesha dalili ndani ya siku moja au mbili, nyingine huchukua hata wiki nzima na zaidi. Nani anakumbuka taulo ya wiki iliyopita?

Tiba? Kwa kirusi, kitambaa safi chenye maji baridi, kila mtu na chake, na subira ya wiki moja hadi mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka. Kuosha jicho kwa mkojo, chai ya rangi, maziwa ya mama: sina nguvu ya kubishana leo.

Vitabu vinasema usaha mzito ni bakteria, majimaji ni virusi. Ingekuwa rahisi hivyo! Mara nyingi namulika, nageuza kope, na bado sina uhakika. Nakiri pia kuna siku nimeandika kloramfenikoli, dawa ya bakteria, kwa sababu tu mgonjwa alikuwa hatoki bila dawa.

Ila matone yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza wekundu na uvimbe, usinunue kwa kuelekezwa na jirani. Jicho litang'aa, utafurahi, na kama ndani kuna kirusi cha hepesi, kioo cha jicho kinaliwa kimyakimya. Ukiumwa sana, ukaona ukungu, ukashindwa kabisa kuvumilia mwanga, au unavaa lenzi jichoni, njoo leo. Kichanga akitoa usaha machoni, usisubiri hata kesho: kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kumpofusha.

Kijana alinisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana. Akavaa miwani, akaaga, akafungua mlango kwa mkono uleule. Nikanyanyuka na kitambaa cha klorini, nikaanza na kitasa.