Erhard Hakuleta Sarafu
Hapa Tanga, penye majengo ya enzi ya Mjerumani, uchumi wa Ujerumani ukizungumzwa barazani husemwa Waziri Ludwig Erhard ndiye aliyeleta Deutsche Mark. Sivyo. Sarafu hiyo, iliyoanza tarehe 20 Juni 1948, ililetwa na tawala za kijeshi za Marekani, Uingereza na Ufaransa, zilizokalia magharibi mwa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Erhard, mchumi wa soko huria, hakuwa hata waziri wakati huo. Alichofanya, akiwa mkurugenzi wa uchumi katika kanda za Marekani na Uingereza, ni kuondoa udhibiti wa bei za bidhaa nyingi. Kodi za nyumba na bei za vyakula vya msingi zilibaki zimedhibitiwa. Bei zikapanda, na tarehe 12 Novemba mamilioni ya wafanyakazi wakagoma. Hakurudi nyuma, na kwangu hapo ndipo anapostahili sifa. Uwaziri wa Uchumi aliupata 1949, akaushika hadi alipokuwa Kansela mwaka 1963.