Joan Coromines: dhana potofu kuhusu mtafiti wa asili ya maneno ya Kikatalani

Dhana: Alikuwa mtaalamu wa Kihispania tu.

Dhana hii imetokana na kamusi yake ya asili ya maneno ya Kihispania, juzuu 4 zilizotoka kati ya 1954 na 1957, ambako jina lake limeandikwa Kihispania: Corominas. Kwa kweli alizaliwa Barcelona mwaka 1905, na Kikatalani, lugha ya Katalonia huko kaskazini-mashariki mwa Uhispania, ndicho alichokitumikia maisha yake yote. Ushindi wa dikteta Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania mwaka 1939 ulimfanya mkimbizi. Alipitia Paris, akafundisha Mendoza nchini Argentina, kisha Chuo Kikuu cha Chicago hadi 1967. Kwao Kikatalani kilikuwa kimefukuzwa shuleni na maofisini, naye akiwa ugenini akaendelea kukusanya kadi za maneno. Kamusi yake ya Kikatalani ilianza kutoka 1980, mwenyewe akiwa na miaka 75, na kufikia 1991 juzuu 9 zilikuwa zimechapishwa. Mimi sijui uvumilivu wa kuupita huo.

Dhana: Kikatalani ni lahaja ya Kihispania.

Hapana. Zote mbili zimezaliwa na Kilatini, kila moja kwa njia yake. Kihispania kina “mesa”, kutoka “mensa”. Wareno nao wanasema “mesa”, na hiyo ndiyo iliyotua pwani yetu ikawa meza. Mkatalani husema “taula”, kutoka “tabula”, yaani ubao.

Dhana: Asili ya neno hupatikana mezani, kwa kulinganisha maneno yanayofanana.

Coromines alipanda milima ya Pirenei, iliyo kati ya Uhispania na Ufaransa, kwa miguu, kijiji baada ya kijiji, akiwauliza wenyeji wanavyotamka majina ya vilima, mito na mashamba yao, maana ramani za serikali ziliyaandika ovyo. Matamshi hayo aliyapima kwa hati za kale. Ndivyo alivyoonyesha kuwa milimani huko lugha za jamii ya Kibaski, ambacho hakikutokana na Kilatini, ziliendelea kusemwa hadi Zama za Kati. Jina la bonde la Aran lenyewe ni Kibaski, na maana yake ni “bonde”. Matunda ya safari hizo ni juzuu 8 za majina ya mahali, 1989 hadi 1997, mwaka aliofariki.

Dhana: Alichosema ndilo neno la mwisho, hakipingwi.

Hata wanaomheshimu humpinga. Alidai kuwa maneno kadhaa yalitoka kwa watu wa kale waliozika majivu ya wafu vyunguni, akawaita Wasorotapti. Wanaisimu wengi hawajalikubali dai hilo.