Je, wajua kwa nini kizibo huelea na chupa yake huzama?

Chukua chupa tupu ya maji ya dukani, itie kwenye ndoo ya maji ya bahari, uiache ijae. Chupa itakwenda chini. Kizibo chake kitabaki juu.

Hizo ni plastiki mbili tofauti. Chupa ni PET, ambayo sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.38 hivi, na maji ya bahari yana 1.025. Kizibo, kwa ujazo huohuo, hakifiki hata gramu 1. Chupa iliyofungwa inabebwa na hewa iliyomo tu, ikipasuka, inazama.

Ndiyo maana mapipa yenye pampu yanayofungwa kwenye magati, yanayovuta maji ya juujuu na kuchuja taka, hupata vizibo na vipande vya mifuko lakini chupa iliyozama hayaioni.

Amsterdam walijaribu njia nyingine mwaka 2019. Walilaza bomba lenye matundu chini ya mfereji, kwa mshazari, wakasukuma hewa ndani yake. Mapovu yakipanda huinua taka zinazoelea katikati ya maji, na mkondo huzisogeza pembeni hadi kwenye mtego. Meli na samaki hupita bila shida.

Sasa uilete bandarini Malindi, Unguja. Kule Amsterdam mfereji una mkondo wa kutegemewa. Huku maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) tofauti hukaribia mita 4. Taka iliyosogezwa mtegoni maji yakipwa, yakijaa husukumwa upande wa pili. Sidhani kama gharama ya pampu ile ya hewa italipa.

Mimi ningeanza kwenye mitaro ya mjini, ambako chupa hupita kabla haijapata nafasi ya kuzama. (Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, chupa hazikuguswa.) Mji wa Kwinana, Australia, mwaka 2018 ulivalisha midomo ya mabomba ya maji ya mvua nyavu ndefu kama soksi. Hakuna umeme wala mtambo: maji hupita, taka hubaki, wavu hunyanyuliwa na kumwagwa garini.

Kazi yake ni kuumwaga kwa wakati. Wavu ukijaa katikati ya masika, maji hurudi nyuma, na wanaokaa mabondeni ndio wataingiliwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kununua nyavu, apatikane mtu wa kulipwa kuamka saa nane za usiku mvua ikishika.